Simu yaonyesha dawa ziliko, lakini nani atazileta?

Na MWANDISHI WETU

MTOTO amechemka mwili tangu usiku. Alfajiri mama anamfunga mgongoni na kutembea naye hadi zahanati. Anapanga foleni, mtoto anatobolewa kidole, na kipimo kinaonyesha kwamba ana malaria. Muuguzi anafungua kabati, anatazama rafu, kisha anachukua kalamu na kuandika jina la dawa kwenye kipande cha karatasi. Mama anaambiwa kwamba dawa zimeisha, aende akanunue.

Hiki ni kisa ambacho wengi wetu tunakifahamu. Hata wale wanaoishi mijini, ambako maduka ya dawa yako kila pembe, wana wazazi, ndugu na watoto wa ndugu walio mashambani. Pesa zinazotumwa usiku kwa simu ili mgonjwa akanunuliwe dawa ambayo serikali hutoa bure ni ushahidi wa kutosha.

Lakini kuna upande wa pili wa kisa hiki ambao mama huyo hauoni. Mara nyingi dawa hiyo haijaisha nchini, wala haijaisha katika wilaya. Huenda kilomita kumi kutoka hapo kuna kituo kingine chenye katoni nzima ambazo hazijafunguliwa, nazo zinakaribia kupitwa na tarehe ya matumizi. Tatizo ni kwamba aliye na dawa hajui nani hana, na asiye nayo hajui nani anayo.

Ni kwa sababu hiyo wataalamu wa afya wa Afrika Mashariki wamekuwa wakijaribu mifumo ya kufuatilia akiba ya dawa kwa njia ya simu na mtandao. Majaribio mawili, moja la Tanzania na jingine la hapa Kenya, yalirekodiwa kwa makini kiasi kwamba tunaweza kujua watumiaji waliupokea vipi mfumo huo mpya, walikosea wapi, na ni jambo gani ambalo simu haikuweza kuwafanyia.

Kwa nini dawa huisha

Katika miaka ya themanini na tisini, zahanati nyingi za Kenya zilipokea dawa zikiwa zimefungwa pamoja katika sanduku moja. Sanduku lililopelekwa penye mbu wengi na lile la penye baridi yalifanana. Matokeo yake yalikuwa dawa moja kuisha kabla ya mwezi kufika nusu huku nyingine ikirundikana hadi ikaharibika.

Baadaye utaratibu ulibadilishwa ili kila kituo kiagize kile kinachohitaji. Hii ilikuwa hatua nzuri, lakini ilileta mzigo mpya. Ili uagize sawasawa ni lazima ujue umetumia kiasi gani na umebakiwa na kiasi gani. Hesabu hiyo huandikwa kwenye kadi ya stoo, ikajumlishwa katika fomu, na fomu ikapelekwa kwa msimamizi wa dawa. Kufikia wakati msimamizi anaisoma, hali stooni imekwisha kubadilika.

Malaria haingoji fomu. Mvua ya masika ikinyesha na mbu wakazaana, wagonjwa wanaweza kuongezeka maradufu katika wiki chache. Kituo kilichoagiza dawa kwa kufuata hesabu za kiangazi hujikuta mikono mitupu.

Isitoshe, dawa yenyewe inayotumika sana, artemetha-lumefantrini, ambayo wauguzi huiita AL na wananchi wengi huijua kwa jina la Coartem, haiji katika pakiti ya aina moja. Kwa kawaida kuna pakiti nne kulingana na uzito wa mgonjwa. Ya mtoto mdogo kabisa ina vidonge sita, inayofuata ina 12, ya tatu ina 18, na ya mtu mzima ina 24. Kituo kinaweza kuwa na rundo la pakiti za watu wazima na kikose ya mtoto mchanga. Muuguzi hulazimika kukata pakiti kubwa au kuunganisha ndogo nne ili apate dozi moja ya mtu mzima. Akifanya hivyo leo, kesho watoto ndio watakaokosa.

Jaribio la Tanzania

Mwishoni mwa mwaka wa 2009 hadi mapema 2010, Wizara ya Afya ya Tanzania ikishirikiana na Roll Back Malaria pamoja na makampuni ya Novartis, IBM na Vodafone ilijaribu mfumo ulioitwa SMS for Life. Wilaya tatu za mashambani zilichaguliwa: Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini, na Ulanga iliyoko mkoani Morogoro. Jumla ya vituo 129 vya afya vilishiriki kwa muda wa wiki 21.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi. Hakuna kompyuta iliyopelekwa zahanatini. Mhudumu alitumia simu yake mwenyewe, ile ile aliyokuwa akiwapigia jamaa zake. Kila wiki, siku ya Alhamisi, simu hiyo ilipokea ujumbe mfupi wa kumtaka ahesabu pakiti za dawa zilizobaki. Alihesabu aina nne za AL pamoja na sindano za kwinini, akaandika herufi ya kila dawa na idadi yake, kisha akatuma bila kulipa chochote. Aliyejibu kabla ya muda kwisha siku ya Ijumaa alizawadiwa salio la simu. Aliyechelewa alikumbushwa.

Hesabu hizo ziliingia katika tovuti yenye neno la siri. Wiki mpya ilipoanza, msimamizi wa wilaya aliweza kuifungua na kuona kituo kipi kina nini na kipi kimeishiwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2010 katika jarida la Malaria Journal na Jim Barrington na wenzake. Wiki ya kwanza, vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimekosa angalau aina moja ya dawa za malaria zilizohesabiwa. Wiki ya 21 ilipofika, vilivyokosa vilikuwa 26 kati ya 100. Tukizungumzia vituo vyenyewe, hao ni karibu vituo 100 kati ya 129 vilivyoanza na upungufu, wakabaki kama 34. Katika Lindi Vijijini, upungufu ulimalizika kufikia wiki ya nane na karibu haukurudi tena hadi jaribio likaisha.

Akiba ya AL katika wilaya hizo tatu iliongezeka kwa asilimia 64, na ile ya kwinini kwa asilimia 36.

Watumiaji waliupokeaje?

Wapo waliohofia kwamba wahudumu wa mashambani, wenye foleni ya wagonjwa mlangoni, wangechoka na kuacha kujibu. Haikuwa hivyo. Kwa wastani hesabu zilipatikana katika asilimia 95 ya mara zilizotakiwa, na katika muda wote wa wiki 21 majibu hayakushuka chini ya asilimia 93.

Sababu za mafanikio hayo si vigumu kuziona. Kifaa hakikuwa kigeni. Hakuna aliyehitaji kufundishwa jinsi ya kuwasha kompyuta wala kungoja umeme ufike kijijini. Swali lilikuwa moja na lilikuja siku ile ile kila wiki. Gharama haikutoka mfukoni mwa mhudumu. Na salio lile dogo lilimwonyesha kwamba mtu fulani ametambua kazi yake.

Hata hivyo, makosa hayakukosekana. Kwa wastani jumbe saba au nane katika kila 100 ziliandikwa vibaya. Mtu anaweza kusahau herufi, akabandika tarakimu mbili pamoja, au akaandika maelezo marefu pale palipotakiwa namba tu. Jambo la kutia moyo ni kwamba karibu makosa yote yalirekebishwa na ujumbe ukatumwa upya.

Hapa kuna funzo kwa yeyote anayebuni mfumo wa aina hii. Mtumiaji akikosea, si lazima awe mzembe. Huenda swali lenyewe halikuelezwa vizuri. Chukua mfano wa neno "kuhesabu". Katoni moja ya AL inayopelekwa vituo vya umma kwa kawaida huwa na pakiti 30. Mhudumu aliye na katoni mbili na pakiti tano anaweza kuandika 7 kwa kuhesabu vitu vilivyo rafuni, na mwingine akaandika 65 kwa kuhesabu dozi za wagonjwa. Wote wawili wamehesabu kwa uaminifu, lakini msimamizi anayesoma namba 7 atadhani kituo kinakaribia kukauka. Ni lazima mfumo useme wazi unataka katoni, pakiti au vidonge.

Hali kadhalika, mfumo haufai kunyamaza. Mtu akituma hesabu yake na asipate jibu lolote, hatajua kama imefika au imepotea njiani.

Watafiti walitembelea vituo kwa ghafla ili walinganishe namba zilizotumwa na dawa zilizokuwa rafuni. Usahihi ulikuwa asilimia 94. Kwa hiyo wahudumu hawakuwa wakibuni namba ili kupata salio, jambo ambalo wakosoaji walikuwa na haki ya kulishuku.

Zamu ya Kenya

Baada ya jaribio hilo, Tanzania iliueneza mfumo katika nchi nzima kuanzia 2011, ukafika vituo zaidi ya 5,000. Mwaka huo huo Kenya nayo ikaingia katika majaribio yake.

Watafiti wakiwemo Sophie Githinji na Dejan Zurovac, wa mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, waliufuatilia mfumo kama huo katika vituo 87 vya umma vilivyo katika wilaya tano kwa muda wa wiki 26. Matokeo yao yalichapishwa 2013 katika jarida la PLoS ONE. Safari hii hazikuhesabiwa AL peke yake. Vipimo vya haraka vya malaria viliongezwa.

Wahudumu wa Kenya waliitikia vizuri hata zaidi. Wastani wa majibu ulikuwa asilimia 97, na jumbe zilizoandikwa vibaya zilikuwa tatu tu katika kila 100. Idadi ya vituo vilivyokosa angalau pakiti ya aina moja ya AL ilipungua kwa pointi 38 za asilimia kati ya wiki ya kwanza na ya mwisho. Kufikia wiki ya 26 hakuna kituo kilichokuwa kimekosa AL ya kila aina.

Lakini uchunguzi huo ulifichua mambo mawili yanayostahili kufikiriwa na kila mtu anayetarajia kwamba mtandao pekee utajaza rafu za zahanati.

La kwanza ni usahihi. Namba za akiba zilizotumwa zililingana na hali ya stoo kwa asilimia 79. Hata hivyo, taarifa za kuishiwa kabisa na dawa zilikuwa sahihi kwa asilimia 93. Tofauti hii inaeleweka. Rafu tupu haihitaji hesabu, kila mtu huiona. Kuhesabu pakiti 143 katikati ya foleni ya wagonjwa ni kazi nyingine kabisa. Anayesoma takwimu hizi anapaswa kujua kwamba kilio cha "sina" kinaaminika kuliko namba ya "nimebakiwa na ngapi".

La pili ni zito zaidi. Wasimamizi wa wilaya waliifungua tovuti mara 1,037 katika kipindi hicho. Waliona. Lakini kila mara mfumo ulipoonyesha kwamba AL imeisha mahali fulani, walichukua hatua ya kuhamisha dawa kwa asilimia 44 tu ya matukio hayo. Kwa vipimo vya haraka ilikuwa asilimia 73.

Kwa maneno mengine, katika zaidi ya nusu ya matukio ya AL, mhudumu alihesabu, akaandika, akatuma, ujumbe ukafika, lakini dawa haikuhamishwa kumfikia.

Kuona si kupeleka

Si haki kuwalaumu wasimamizi moja kwa moja. Ili uhamishe katoni moja kutoka kituo hiki hadi kile, unahitaji gari au pikipiki, mafuta ya kutia ndani, mtu wa kwenda, na karatasi za kuonyesha kwamba dawa imetoka kwa huyu na kupokelewa na yule. Zaidi ya yote unahitaji kituo chenye ziada. Wilaya nzima ikiwa imekauka, hakuna cha kuhamisha. Dawa ni lazima itoke ghala kuu, na hapo ni suala la fedha na ununuzi.

Ndiyo sababu hata Tanzania matokeo hayakuwa sawa katika wilaya zote tatu. Lindi Vijijini ilimaliza upungufu, huku Kigoma Vijijini na Ulanga zikiupunguza bila kuumaliza. Simu zilikuwa zile zile na ujumbe ulikuwa ule ule. Kilichotofautiana kilitokea baada ya ujumbe kufika.

Jambo hili lina maana kubwa kwa Kenya ya sasa. Tangu 2013, huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Kaunti ndizo zinazoagiza na kulipia sehemu kubwa ya dawa za vituo vyao, nyingi kutoka Mamlaka ya Ugavi wa Dawa ya KEMSA. Uagizaji kwa mtandao si jambo geni tena, na kila baada ya muda mfumo mpya huzinduliwa kwa hotuba na picha.

Mwananchi ana haki ya kuuliza maswali machache kabla ya kupiga makofi. Je, wauguzi watakaoutumia walipewa nafasi ya kuujaribu na kusema unawasumbua wapi? Je, muuguzi akihamishwa, simu ya nani itapokea swali la wiki ijayo? Mtandao ukipotea siku mbili, hesabu itatumwa vipi? Na swali kubwa kuliko yote: taarifa ya kwamba dawa imeisha ikifika, nani anatakiwa kuchukua hatua, kwa siku ngapi, na kwa mafuta ya nani?

Mfumo usio na jibu la swali hilo la mwisho huwachosha watumiaji wake. Mhudumu anayejibu kila wiki na haoni dawa ataendelea kujibu kwa muda, kisha ataanza kuandika namba yoyote ile ili simu inyamaze. Hapo tutakuwa tumerudi kule kule kwenye fomu za karatasi, ila safari hii zikiwa ndani ya simu.

Msomaji afanye nini?

Wakati serikali na kaunti zinatafuta majibu, mgonjwa hawezi kungoja. Haya ni mambo ambayo kila familia inafaa kuyajua, hasa zile zenye jamaa katika maeneo ya Ziwa Victoria na Pwani, ambako malaria ni nyingi.

Kwanza, pimwa kabla ya kumeza dawa. Si kila homa ni malaria. Kumeza AL bila kupimwa ni kumnyima mwingine dozi na kuuacha ugonjwa wako wa kweli ukiendelea.

Pili, ukiambiwa dawa zimeisha, uliza kwa heshima ni kituo gani cha karibu kilicho nazo. Mara nyingi wauguzi wanajuana na hupigiana simu. Usiwakaripie. Wao ndio waliohesabu na kuomba, na huenda hawakupata jibu.

Tatu, ukilazimika kununua, nunua dozi kamili katika duka la dawa lililosajiliwa. AL humezwa mara sita kwa siku tatu. Dozi ya pili huja saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Imezwe pamoja na chakula au maziwa, kwa sababu mafuta huisaidia kuingia mwilini. Usigawe pakiti moja kwa watoto wawili, na usiache homa inaposhuka. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, apewe dozi hiyo tena.

Nne, usihangaike na maduka iwapo mgonjwa ana degedege, amepoteza fahamu, anatapika kila kitu, anapumua kwa shida, au ni mtoto anayeshindwa kunyonya. Hiyo ni malaria kali na inahitaji sindano. Mkimbize hospitalini mara moja.

Tano, wakazi wa miji yenye baridi kama Nairobi wakumbuke kwamba kinga waliyozaliwa nayo au kukulia nayo hupungua wakikaa mbali na malaria kwa muda mrefu. Mkienda mashambani wakati wa likizo, bebeni vyandarua vyenye dawa. Mtoto akipata homa wiki moja au hata kadhaa baada ya kurudi, mweleze daktari kwamba mlisafiri.

Mwisho, mwambie mwakilishi wako wa wadi na kamati ya zahanati yenu kila mara unapokosa dawa, na utaje ni dawa ipi na siku gani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Malalamiko yenye tarehe na jina la dawa ni vigumu kuyapuuza kuliko manung'uniko ya barabarani.

Wahudumu wa zahanati 129 za Tanzania na vituo 87 vya Kenya walitimiza sehemu yao. Walihesabu na wakatuma, wiki baada ya wiki. Mama aliye na mtoto mgongoni anangoja upande wa pili utimize yake.